Kasi ya Kimeng'enya: Kutoka Jani la Chai la Gusii hadi Maabara

Kimeng'enya hakipimwi kwa mizani. Ndani ya jani moja la chai lililochumwa Nyansiongo au Kiamokama, katika nyanda za Gusii nchini Kenya, kuna maelfu ya aina za protini, na zile zinazofanya kazi ya kimeng'enya kimoja mahususi ni chache mno, tena zimechanganyika na nyingine zinazokaribiana nazo kwa ukubwa na umbo. Hata kama zingetengwa zikawekwa kwenye mizani, uzito wake usingejibu swali lililoulizwa, kwa sababu kimeng'enya kilichouawa na joto kina uzito uleule wa kilicho hai. Kinachopimwa ni kazi: malighafi kiasi gani imegeuzwa kuwa kitu kingine, na kwa muda gani.

Wakulima wa Kisii na Nyamira, kaunti mbili za nyanda hizo, wanakijua kipimo cha namna hii kabla ya kuingia maabara yoyote. Mchumaji wa majani chai halipwi kwa ukubwa wa mwili wake. Hulipwa kwa kilo alizozifikisha kwenye kituo cha kununulia. Na mwenye shamba akitaka kumlinganisha mchumaji mmoja na mwingine kwa haki, lazima ajue pia walianza saa ngapi, safu zao zilikuwa na majani mengi au haba, na kama mvua iliwanyeshea. Kilo peke yake hazimwambii kitu. Kipimo cha kimeng'enya kina masharti hayohayo, na sehemu kubwa ya kazi ya maabara ni kuyashika masharti hayo yasiteleze.

Neno lenyewe limetokana na kumeng'enya chakula tumboni, na kwa hiyo wengi hudhani vimeng'enya vina shughuli ya usagaji wa chakula tu. Ukweli ni kwamba kila kiumbe hai kinaendeshwa navyo. Ni protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia bila zenyewe kutumika zikaisha. Mwaka 1897 Mjerumani Eduard Buchner alionyesha kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye hamira yanaweza kuchachusha sukari bila seli hai kuwemo, na mwaka 1926 Mmarekani James Sumner akakitenga kimeng'enya cha kwanza kikiwa fuwele safi, akikitoa kwenye maharage. Kati ya miaka hiyo miwili na hata baadaye, watafiti waliendelea kuvifahamu vimeng'enya kwa njia moja kuu: kutazama kasi ya kazi yake.

Katika nyanda za Gusii, kimeng'enya chenye thamani kubwa zaidi ya pesa bila shaka ni polifenoli oksidesi ya jani la chai. Viwanda vya Kebirigo, Sanganyi, Tombe, Gianchore, Nyankoba na Nyansiongo upande wa Nyamira, na Kiamokama, Nyamache, Ogembo, Itumbe na Eberege upande wa Kisii, vyote hutengeneza chai nyeusi, na hakuna chai nyeusi bila kimeng'enya hiki. Jani likiwa zima mtini, kimeng'enya na malighafi yake hukaa vyumba tofauti vya seli. Kimeng'enya, ambacho hubeba shaba katikati yake, kimo kwenye kloroplasti, vile vifuko vya rangi ya kijani. Malighafi yake, yaani katekini zinazolipa jani bichi ukali wake mdomoni, zimehifadhiwa kwenye vakuoli. Mashine za CTC kiwandani zinapoliponda, kulichana na kulisokota jani lililonyaushwa, kuta za vyumba hivyo huvunjika. Vitu hivyo viwili hukutana, oksijeni ya hewani inaingia, na unga mbichi wa kijani unaanza kugeuka rangi ya shaba mbele ya macho.

Viwandani hatua hiyo huitwa uchachishaji, ingawa hamira wala vijidudu havihusiki kabisa. Zao lake la kwanza lenye maana ni theaflavini, kemikali za rangi ya machungwa zinazoipa chai mng'ao na ule ukali unaochangamsha ulimi. Baadaye huzaliwa thearubigini, nyekundu zaidi na nzito, zinazoipa chai rangi na uzito kikombeni. Majina hayo yaliingia katika elimu ya chai kutokana na kazi za mwanakemia E. A. H. Roberts katika miaka ya 1950. Lakini wazo kwamba jani la chai lina kimeng'enya chake ni la zamani zaidi: Harold Mann alichapisha utafiti kuhusu jambo hilo huko India mwaka 1901, takriban nusu karne kabla ya chai kuwa zao la mkulima mdogo wa Kenya.

Sababu ya kukipima ni ya wazi. Miche miwili ya chai inaweza kuota kwenye udongo uleule mwekundu, ikapaliliwa na mikono ileile, na bado mmoja ukatoa majani yanayobadilika haraka na kutoa chai yenye mng'ao, huku mwingine ukitoa kilo nyingi zenye ladha hafifu. Wataalamu wa Kericho, katika taasisi iliyoundwa mwaka 1980 kwa jina la Tea Research Foundation of Kenya baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ambayo baadaye iliwekwa chini ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, wametumia miaka mingi kuichambua miche ya namna hiyo. Herufi TRFK zilizo mbele ya majina ya miche kama TRFK 6/8, unaosifika kwa ubora wa chai yake, ni alama ya kazi hiyo. Mkulima hupanda mche atakaoishi nao miaka hamsini au zaidi. Ni haki yake kwamba mche huo uwe umepimwa kwa uangalifu kabla haujamfikia.

Ugumu wa kwanza unaanza kabla ya chombo chochote kuwashwa. Jani changa la chai lina polifenoli nyingi sana, zinazoweza kufikia karibu theluthi moja ya uzito wake mkavu. Jani likisagwa tu kwenye kinu na maji, seli huvunjika, kimeng'enya kinaanza kazi papo hapo, na mchuzi huwa kahawia kabla mtu hajapata nafasi ya kupima chochote. Baya zaidi, polifenoli hizo huzishika protini na kuzigandisha, vilevile zinavyoigandisha ngozi mbichi inapotiwa dawa ya kuifanya ngozi laini ya viatu. Kimeng'enya kilichogandishwa hivyo hubaki kwenye masimbi chini ya kinu, na anayepima maji ya juu atatangaza kwamba jani halina kimeng'enya, ilhali limejaa tele.

Dawa iliyozoeleka ni unga wa asetoni. Majani mawili na kichipukizi, yaliyoletwa kwenye barafu mara tu baada ya kuchumwa, husagwa ndani ya asetoni iliyopozwa hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Asetoni hulifyonza jani maji yake, huyeyusha rangi ya kijani na sehemu kubwa ya polifenoli, lakini protini haiziyeyushi. Mchanganyiko huchujwa kwenye karatasi, hurudiwa kuoshwa kwa asetoni baridi tena na tena, na mara ya kwanza matone yanayodondoka huwa kijani kibichi kama maji ya mchicha, ya pili yamefifia, hadi mwisho yanatoka meupe. Kinachobaki juu ya karatasi ni unga mkavu wa rangi ya maziwa yaliyochafuka kidogo, usio na harufu ya chai hata chembe. Ukiwekwa kwenye friza hukaa muda mrefu bila kimeng'enya kufa. Siku ya kupima, unga huo hukorogwa ndani ya bafa, yaani maji yenye chumvi maalumu zinazozuia kiwango cha asidi kubadilika, pamoja na polivinilipirolidoni, dutu inayozinasa polifenoli zilizosalia kabla hazijaidhuru protini. Kisha mashine ya kuzungusha kwa kasi hutenga masimbi, na maji angavu ya juu ndiyo yanayopimwa. Yote hayo hufanywa kwenye baridi ya nyuzi 4 hivi. Majani yaliyokaa guniani juani tangu asubuhi hayafai: yatatoa namba, lakini itakuwa namba ya gunia, si ya mche.

Njia inayotumika zaidi kupima ni ya mwanga. Spektrofotomita ni chombo kinachopitisha mwanga wa rangi moja kupitia kikombe kidogo cha pembe nne chenye upana wa sentimita moja, halafu kinaeleza mwanga huo umefyonzwa kiasi gani. Katika mipaka ya kawaida, rangi ikiongezeka mara mbili, namba ya ufyonzaji nayo huongezeka mara mbili, na hapo ndipo jicho la chombo linapolishinda jicho la mtu. Kwa polifenoli oksidesi, malighafi inayotumika mara nyingi ni katekoli, ndugu sahili wa katekini za chai, kwa sababu zao lake lina rangi ya manjano-kahawia inayosomeka vizuri kwenye mwanga wa nanomita 420 hivi. Bafa na katekoli hutiwa kikombeni na kuachwa vifikie nyuzi 25 au 30. Tone la maji ya kimeng'enya huongezwa, kikombe hutikiswa mara moja, kifuniko cha chombo kinafungwa, na mstari unaanza kupanda kwenye skrini.

Mstari huo ndio kiini cha kazi nzima, na ni sehemu yake ya mwanzo tu inayoaminika. Katika dakika ya kwanza malighafi bado ni tele na kimeng'enya kina nguvu zake zote, hivyo mstari hupanda ukiwa umenyooka. Baadaye huanza kulala: malighafi inapungua, na kwa polifenoli oksidesi kuna balaa la ziada, kwamba mazao yake yenyewe hukishambulia na kukilemaza. Mpimaji asiye makini husubiri dakika kumi, husoma rangi ya mwisho na kuigawanya kwa kumi. Matokeo yake huwa madogo kuliko ukweli, na kadiri kimeng'enya kilivyokuwa na nguvu ndivyo kosa linavyokua, kwa hiyo ni mche bora unaodhulumiwa zaidi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukulia ufyonzaji umepanda kutoka 0.12 hadi 0.30 katika dakika moja ya ule mstari ulionyooka. Ongezeko ni 0.18. Kwa desturi ya maabara nyingi, kizio kimoja cha polifenoli oksidesi ni ongezeko la 0.001 kwa dakika, kwa hiyo kikombe kina vizio 180. Ikiwa kilitiwa mililita 0.1 ya maji ya kimeng'enya, mililita nzima ina vizio 1,800. Kisha protini yote iliyomo hupimwa kwa njia tofauti, mara nyingi ile ya Marion Bradford ya mwaka 1976, ambapo rangi ya kahawia hugeuka buluu inaposhikana na protini. Ikipatikana miligramu 0.6 kwa mililita, basi kila miligramu ya protini inabeba vizio 3,000. Namba hii ya mwisho ndiyo inayolinganishwa kati ya mche na mche, maana jani moja linaweza kutoa maji mazito na jingine mepesi kwa sababu tu ya namna lilivyosagwa.

Pembeni daima kuna vikombe vya ushahidi. Kimoja kina malighafi bila kimeng'enya, kwa sababu katekoli hubadilika yenyewe polepole ikiachwa hewani. Kingine kina kimeng'enya kilichochemshwa, ili kuhakikisha kwamba rangi inatokana na protini hai, haikuletwa na shaba au kemikali nyingine iliyochanganyika nayo. Hapa jiografia ya Gusii inaingilia. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Katika sehemu za juu za Nyamira huchemka kwenye joto la chini zaidi ya hapo. Maelekezo yaliyoandikwa katika maabara ya pwani au ya ng'ambo yanaposema "chemsha dakika mbili", maana yake ni joto ambalo sufuria ya wazi ya nyanda hizi haifikii kamwe. Muda unapaswa kuongezwa, na kikombe hicho kipimwe chenyewe kuthibitisha kwamba kimekufa kweli.

Mwinuko huohuo hujitokeza tena kwenye njia ya pili, ya kupima oksijeni. Polifenoli oksidesi hutumia oksijeni, kwa hiyo badala ya kufuata rangi inayozaliwa inawezekana kufuata oksijeni inayotoweka. Otto Warburg wa Ujerumani alifanya hivyo katika miaka ya 1920 kwa chupa zilizounganishwa na mirija ya kupimia mgandamizo wa hewa. Katika miaka ya 1950 Mmarekani Leland Clark akatengeneza elektrodi iliyofunikwa kwa utando mwembamba wa plastiki, ambayo hutoa mkondo wa umeme unaolingana na oksijeni iliyomo majini. Njia hii ina faida kubwa kwa chai, kwani katekini halisi za jani zinaweza kutumika bila kujali zao lake lina rangi gani, na uchafu wa kahawia hausumbui.

Ila elektrodi lazima kwanza ifundishwe namba, na hufundishwa kwa maji yaliyojaa hewa. Vitabu vingi vinasema maji hayo, kwenye nyuzi 25, yana takriban mikromoli 258 za oksijeni kwa lita. Hiyo ni kweli ufukweni. Kwenye mwinuko wa mji wa Kisii hewa imepungua mgandamizo, na maji hubeba karibu moja ya tano pungufu. Mtu akiinakili namba ya kitabu bila kuirekebisha, kila kimeng'enya atakachokipima kitaonekana kina kasi ya robo moja zaidi ya ukweli. Kosa hilo halionekani popote kwenye mstari. Mstari utashuka vizuri kabisa.

Kiasi cha malighafi nacho kina sheria yake, na kituo cha kununulia majani kinaieleza vizuri kuliko mchoro wowote. Karani mmoja ana mizani moja. Wakulima wakija mmoja mmoja, kasi ya kupima inategemea wao: wakiongezeka, kilo zinazopimwa kwa saa huongezeka. Foleni ikishakuwa ndefu, karani hana nafasi hata ya kuinua kichwa, na watu mia wakijiunga nyuma hawaongezi chochote, kwa kuwa kasi imefika ukomo wake. Leonor Michaelis na Maud Menten waliiandika tabia hiyo kwa hesabu mwaka 1913, na mlingano wao bado unatumika kila siku. Kipimo kikifanywa wakati foleni ni fupi, kinachopimwa ni wingi wa wakulima. Ili kumpima karani mwenyewe, foleni lazima iwe ndefu. Ndiyo maana maabara hutia malighafi nyingi kuliko kimeng'enya kinavyoweza kuimaliza.

Baada ya vifaa hivyo vya gharama, inafaa kuutaja mtihani wa klorofomu, uliochunguzwa na G. W. Sanderson huko Ceylon mwaka 1963 na kutumika kwa muda mrefu katika nchi za chai kuchuja miche. Jani huwekwa ndani ya mrija wa kioo wenye pamba iliyoloweshwa klorofomu, na mrija hufungwa. Mvuke huvunja utando wa seli bila kulisaga jani, kimeng'enya na katekini vinakutana ndani kwa ndani, na jani zima linaanza kugeuka. La mche unaochacha vizuri hubadilika upesi na kuwa kahawia angavu yenye wekundu wa shaba. La mche dhaifu hubaki kijani kilichochafuka, au hugeuka kwa mabaka. Hakuna namba kamili inayotoka hapo, lakini mamia ya miche michanga yanaweza kupitiwa kwa siku chache, na ile inayofaa tu ndiyo hupelekwa kwenye spektrofotomita. Huu ni mtihani wa busara kubwa, na thamani yake haipungui kwa sababu ni wa bei rahisi.

Si kila kimeng'enya huzalisha rangi au kula oksijeni. Amilesi, inayozaliwa kwenye wimbi lililooteshwa kwa ajili ya pombe ya busaa, hukata wanga kuwa sukari, na vyote viwili havina rangi. Njia ya zamani ni ya iodini. Wanga uliochanganywa na maji ya kimea huwekwa kwenye joto lisilobadilika, na kila dakika tone moja hudondoshwa juu ya kigae cheupe chenye iodini. Matone ya kwanza huwa buluu nyeusi, yanayofuata zambarau, halafu kahawia, na hatimaye iodini hubaki na manjano yake. Kimea chenye nguvu hufika hapo upesi. Anayetaka namba hutumia asidi ya dinitrosalisiliki, kwa utaratibu uliochapishwa na Gail Miller mwaka 1959. Kazi ya kimeng'enya inasimamishwa ghafla kwa wakati uliopangwa, kemikali hiyo inaongezwa, mchanganyiko unachemshwa, na rangi ya manjano inageuka nyekundu ya matofali kulingana na sukari iliyopatikana, kisha inasomwa kwenye nanomita 540.

Njia hii ya kusimamisha inadai nidhamu ya saa. Mirija kumi haiwezi kuanzishwa kwa mkupuo na kusimamishwa kwa mkupuo. Kila mmoja huanzishwa sekunde chache baada ya mwenzake na kusimamishwa kwa mpangilio uleule. Na kwa kuwa rangi inategemea joto la kuchemshia, mirija ya sukari inayojulikana kiasi chake huchemshwa ndani ya sufuria ileile, dakika zilezile. Hapo nyuzi 94 za Kisii hazimdhuru mtu, maana kipimo na kilinganishi vimepikwa pamoja.

Hospitalini, vimeng'enya hupimwa kwa ujanja mwingine. Ini likijeruhiwa, seli zake humwaga kimeng'enya kiitwacho ALT ndani ya damu. Kazi ya ALT haina rangi ya kufuata, kwa hiyo zao lake hupokezwa kimeng'enya cha pili, ambacho kikifanya kazi hutumia NADH, kemikali inayofyonza mwanga wa nanomita 340. Kila hatua ya ALT inameza chembe moja ya NADH, na mwanga unazidi kupita. Arthur Karmen alieleza njia ya kuunganisha namna hii mwaka 1955 kwa kimeng'enya cha jamii hiyohiyo, AST. Ufyonzaji ukishuka kwa 0.0622 kwa dakika kwenye kikombe cha sentimita moja, NADH iliyotumika ni mikromoli 10 kwa lita kwa dakika. Ikiwa maji ya damu yalikuwa sehemu moja kati ya kumi za mchanganyiko, mgonjwa ana vizio 100 kwa lita, na katika maabara nyingi hicho ni zaidi ya mara mbili ya kiwango cha mtu mzima mwenye afya. Kimeng'enya cha pili lazima kiwe kingi kupita kiasi. Kikiwa haba, kasi inayosomwa itakuwa yake, na ini la mgonjwa litaonekana salama.

Kizio kilichotumika hapo ni kile cha kimataifa: kimeng'enya kinachogeuza mikromoli moja ya malighafi kwa dakika kina kizio kimoja. Mwaka 1999 mkutano mkuu wa vipimo vya kimataifa ulikubali pia katali, moli moja kwa sekunde, ambayo ni sawa na vizio milioni 60, kubwa mno kiasi kwamba hospitali nyingi zimebaki na kizio cha zamani. Kile cha 0.001 kinachotumika kwa chai si cha kimataifa, na ndiyo sababu namba ya maabara moja haiwezi kuwekwa kando ya namba ya nyingine mpaka asidi, joto, malighafi na mwanga uliotumika viwe vimeandikwa karibu nayo.

Kiwandani namba hizo hugeuka kuwa dakika na nyuzi za joto. Mwaka 2001 Martin Obanda, Okinda Owuor na mwenzao walichapisha utafiti wa chai ya Kenya ulioonyesha kwamba kuchachisha kwenye joto la chini hutoa theaflavini nyingi na mng'ao bora, ilhali joto likipanda na muda ukirefuka thearubigini huzidi na mng'ao hufifia. Baridi ya asubuhi ya Nyansiongo ni mtaji kwa maana hiyo halisi. Mwisho wa yote, unga wa rangi ya shaba huingizwa kwenye kikausho chenye hewa ya zaidi ya nyuzi 100, na kimeng'enya kinauawa.

Kipo kimoja kisichokubali kufa upesi kwa moto: peroksidesi, ambayo hustahimili joto kuliko jamaa zake wengi, na kwa sababu hiyo hutumika kama shahidi kwamba joto limetosha. Wanaokausha mboga za kienyeji kwa ajili ya kiangazi, chinsaga na managu, huzichovya kwanza kwenye maji yanayochemka ili vimeng'enya vife na mboga isipoteze rangi na ladha ikiwa imehifadhiwa. Kuhakikisha, jani lililochovywa hukatwa pamoja na kikonyo chake, likadondoshewa gwayakoli, kisha haidrojeni peroksidi. Rangi nyekundu-kahawia ikitokea ndani ya dakika chache, peroksidesi bado iko hai. Kwa kawaida sehemu nyembamba ya jani hubaki safi, na wekundu huanzia katikati ya kikonyo kinene, mahali ambapo joto la maji ya nyuzi 94 halikufika kwa wakati, na fungu lote hurudishwa sufuriani.